Santuri Katika Hewa ya Mocímboa

Kusini ya mto Ruvuma, kutoka Palma hadi Mocímboa da Praia, pwani ni ya minazi, mikoko na madau, na Kimwani na Kiswahili huishi pamoja kama majirani wa ukuta mmoja. Ni mahali pagumu kwa mkusanyaji wa santuri za kale. Joto huzipinda, unyevu wa bahari huotesha ukungu katika mifereji yake.

Mpenzi wa nyimbo za mashambani za Marekani hutafuta hasa mlio wa gitaa lilazwalo juu ya miguu kama meza: mkono huteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, na mguu hukanyaga vikanyagio kuzibadili sauti. Webb Pierce aliutangaza kwa santuri yake ya mwaka 1954. Afrika humpenda zaidi Jim Reeves, aliyezuru Afrika Kusini mwaka 1962 na kufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964. Mnunuzi asidanganyike, hata hivyo: santuri zake nyingi za mwisho zina fidla na piano kuliko gitaa hilo.

Agosti 2020 Mocímboa ilitekwa na waasi, ikakombolewa Agosti 2021. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Maelfu walikimbia, na katika mbio hizo nani angebeba santuri? Atakayeletewa moja iliyosalia aisimamishe wima, mbali na jua, na kabla ya kuuliza bei aulize ilikopitia.