Gunia Iko na Asiransi, Mutoto Je?



Wengi munanijua kama kapita wa wanafunzi, yule anayepiga kengele na kuandika majina ya wenye kuchelewa. Leo siandiki jina la mutu. Ninataka kuwaelezea shauri lililotokea kwetu nyumbani wakati wa mapumziko ya Pasaka, kati yangu na baba. Halijaisha bado.

Niko mwaka wa sita, komersiale. Nikipata diplome ya serikali ninatamani kusoma uchumi wa kimataifa na biashara, na Mungu akifungua njia, inje ya inchi yetu. Wenzangu wa siantifiki wananicheka: "Mutu wa Kaniama, huo uchumi wa kimataifa utaufanyia wapi?" Ninawajibu waangalie mahindi. Sisi hapa tunalima, na reli ya Bukama mpaka Ilebo, iliyomalizika mwaka 1928, inapita kwetu. Lakini kule Lubumbashi unga mwingi unatoka Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilipata ukame mukali hata Rais wao akatangaza musiba wa taifa. Zambia ikikosa mahindi, sahani ya Lubumbashi inajua. Huo ndio uchumi wa kimataifa, na unaanzia kwenye shamba la baba yangu.

Sasa mwalimu wetu alitufundisha namna bei ya kitu kinachovuka mupaka inaandikwa. Kuna bei ya FOB, ni kusema kitu kimefikishwa ndani ya mashua tu, mengine ni shauri la munuzi. Na kuna bei ya CAF, ambayo ndani yake mumehesabiwa kitu chenyewe, asiransi, na malipo ya njia. Asiransi ni ile ambayo Waswahili wa Tanzania wanaita bima. Nilipokuwa ninaandika maneno hayo katika kaye, nilimukumbuka kaka yangu, mutoto wa mama mukubwa. Gunia ya kahawa ikisafiri inatafutiwa asiransi. Kaka alisafiri namna gani?

Alikwenda inchi jirani kusoma kontabilite. Jamaa yote ilichanga. Tulihesabu minervali, nyumba, chakula, nauli, hata viatu. Ugonjwa hakuna mutu aliyeuhesabu, kwa sababu kijana alikuwa na nguvu. Mwaka wa pili, usiku, tumbo likamukamata. Ilikuwa apandisiti. Kule walimopeleka waliomba feza kwanza. Wanafunzi wenzake Wakongomani walizunguka vyumba kwa vyumba wakikusanya, mumoja akaweka telefone yake rehani. Alipasuliwa, akapona, tunamushukuru Mungu. Lakini minervali ya mwaka ilikuwa imekwenda na lile tumbo, na deni juu yake. Mama mukubwa aliuza mbuzi, kisha mashine ya kushona. Haikutosha. Kaka alirudi bila diplome, leo anauza inite za telefone sokoni. Halalamiki. Ni yeye aliyenisaidia kuelewa bilan, siku ambazo mimi mwenyewe nilikuwa ninatupa kaye.

Kwa hiyo nilianza kuulizauliza. Kumbe inchi nyingi haziachi jambo hili kwa mapenzi ya mwanafunzi. Afrika ya Kusini, ukiomba viza ya masomo, wanataka uonyeshe kwamba uko ndani ya mufuko wa matunzo ulioandikishwa kule kwao. Ujeremani tangu sheria ya mwaka 1975 wanafunzi wanapaswa kuwa na asiransi ya ugonjwa. Ubelgiji mwanafunzi anajiandikisha katika mituele, nayo inamurudishia sehemu kubwa ya malipo ya munganga, si yote. Hata mutu anayekwenda Ulaya kwa siku chache tu kwa viza ya Schengen, anaombwa asiransi ya euro 30.000 kwa uchache.

Nikapeleka habari hizo kwa baba. Alisikiliza muzuri, kisha akauliza:

— Na usipougua, wananirudishia feza yangu?

— Hapana, baba.

— Basi ni wizi. Katika likelemba kila mutu anakula kwa zamu yake.

Nilikosa jibu. (Kapita mwenye kujua kusema mbele ya wanafunzi wote, mbele ya baba anakuwa bubu.) Tena nisimuhukumu. Kwa miaka mingi asiransi katika inchi yetu ilikuwa kazi ya SONAS peke yake. Sheria ya mwaka 2015 ndiyo iliyofungua mulango, na kampuni zingine zilipata ruhusa mwaka 2019. Kwa mutu wa kijiji, asiransi ni karatasi ya kubandika kwenye kioo cha kamyo ili polisi akuachilie upite. Nani alimuonyesha kitu kingine?

Kesho yake nilichukua punje za mahindi, nikazipanga juu ya meza. Nikamwambia: tuseme wanafunzi mia, kila mumoja analipa dola 50. Ni dola 5.000. Watatu wanapasuliwa, dola 1.500 kila mumoja, inakuwa 4.500. Wale 97 hawakukula kitu, ni kweli, lakini hakuna aliyeuza mashine ya mama yake. Likelemba unangojea zamu yako kwa furaha. Hii unalipa ukiomba zamu yako isifike.

Baba akasukuma punje na kidole.

— Na wakiugua kumi?

Hapo niliona kwamba baba yangu, aliyeishia mwaka wa nne wa primere, anahesabu kunipita. Ndiyo ulizo ambalo kampuni zenyewe zinajiuliza kila mwaka, na ndiyo maana malipo inapanda, na ndiyo maana kuna maandishi madogo yanayosema: ugonjwa uliokuja nao, hatulipi. Nilimuambia hivyo, sikumuficha.

Kisha nikasema neno ambalo labda sikupaswa kusema: kwamba asiransi zingine zinalipa pia kurudisha maiti nyumbani. Mama, aliyekuwa anapepeta unga, akatupa lungo. "Usitaje hiyo ndani ya nyumba yangu!" Akatoka inje. Baba hakusema kitu muda murefu. Sisi wote tulikuwa tunakumbuka matanga moja ya mutaa wetu, iliyofanyika bila sanduku, na picha tu juu ya kiti.

Siku ya kurudi masomoni nilimukuta baba ndani ya gala asubuhi na mapema, anahesabu magunia ya kuuza. Matatu aliyatenga pembeni ya ukuta. Sikumuuliza ni ya nini. Mama alipita na kikapo chake, akayaangalia, akauliza kama matatu inatosha.