Vidonge Vitatu kwa Siku

Kwetu Mtunda, mjamzito akianguka na kutetemeka, wapo wazee ambao bado wanasema ni shetani. Hospitali wanakiita kifafa cha mimba, na chanzo ni presha. Siwacheki wazee. Hadi mwaka 1995 hata madaktari walikuwa wakibishana dawa ipi ikomeshe degedege hizo: huyu anachoma diazepamu, yule fenitoini, mwingine magnesiamu. Ubishi ulimalizwa na wagonjwa zaidi ya 1,600, wengine wa hapo Uganda, waliogawiwa dawa kwa bahati nasibu. Magnesiamu ikashinda. Mwaka 2002 jaribio la Magpie, lenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, likaonyesha kuwa ikitolewa kabla ya degedege inapunguza hatari kwa zaidi ya nusu.

Ndiyo sindano aliyochomwa wifi yangu, huku tako na huku tako, akilia. Mimba ya kwanza, presha 170 kwa 110, kichwa kinampasua, machoni vimulimuli. Tulimfikisha Kibiti kwa bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Kifafa hakikuja. Mtoto alitolewa kabla ya mwezi wake, kilo mbili kasoro, mzima.

Baadaye nikaanza kusoma kuhusu kalsiamu, ambayo huzuia mambo yasifike huko. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku pale ambapo chakula hakina kalsiamu ya kutosha. Ni vidonge vitatu au vinne. Kwa miezi mitano, vitatu kwa siku ni vidonge 450; nani atavibeba hadi huku mvua za masika zikianza?

Swali hilo lilijaribiwa Dar es Salaam, kwa wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza. Wote walimeza vitatu, ila nusu yao kimoja tu ndicho kilikuwa na kalsiamu. Matokeo yalitoka 2024: waliopata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo ni asilimia 3.0 kwa kidonge kimoja, 2.7 kwa vitatu. Karibu sawa. Kuhusu watoto njiti, jaribio pacha la India lilitoa jibu hilohilo. La Dar halikuweza.

Vidonge 150 vinaenea kwenye mkoba. Lakini wanawake wale waliandikishwa kabla ya wiki ya 20, na wifi alikwenda kliniki mara ya kwanza mimba ina miezi sita. Nilimuuliza kwa nini.

“Wifi,” akasema, “mimba changa ningemwambia nani, na mama mkwe hajajua?”