Mizani ya Dunia

Neno mizani lina kazi mbili katika lugha yetu: ni chombo cha kupimia bidhaa, na ni hesabu ya silabi katika mshororo wa shairi. Kila nisomapo habari za setilaiti zinazopima joto la dunia, maana hizo mbili hunijia pamoja.

Jua huipa dunia wastani wa wati 340 kwa kila mita ya mraba. Takriban 100 hurudishwa angani na mawingu, vumbi, barafu na mchanga. Zile 240 zinazobaki hupasha joto bahari na nchi, kisha dunia huzirejesha kwa miali isiyoonekana kwa macho. Kiingiacho kikilingana na kitokacho, mizani imetimia.

Mwaka 1959 mwanasayansi wa Marekani, Verner Suomi, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuipima hesabu hii kutoka angani, kwa kifaa kilichobebwa na setilaiti ya Explorer 7. Tangu mwaka 2000, vifaa viitwavyo CERES, vilivyobebwa na setilaiti ya Terra na nyingine zilizofuata, vimeipima mfululizo. Navyo vyatuambia kuwa mizani haikutimia. Kiingiacho chazidi kitokacho, na kati ya 2005 na 2019 ziada hiyo iliongezeka takriban maradufu, ikakaribia wati 1.

Wati 1 katika 340 ni nini? Wapenzi wa ushairi wanajua. Beti tano za tarbia, kwa mizani 16 kila mshororo, zina mizani 320. Silabi moja ikizidi humo, sikio lililozoea hukwama, na utungo huitwa guni.

Ila guni la mtunzi hubaki pale pale lilipo. Ziada ya dunia hujilimbikiza mwaka hadi mwaka, na chanzo chake kikuu ni gesi tuzitoazo wanadamu kwa kuchoma mafuta na makaa ya mawe. Takriban asilimia 90 yake huingia baharini. Ndiyo maana vipimo vya setilaiti hulinganishwa na vya maboya ya Argo, yazamayo hadi mita 2,000 kupima joto la maji. Kumbe mizani, hata huko juu, haisimami bila ya kina.

Kwetu visiwani hesabu hii si ya kigeni. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya mwambao wetu yalipauka na kufa. Kila wati inayobaki baharini huusogeza karibu mwaka mwingine kama huo.

Malenga akiambiwa utungo wake ni guni, hukaa akauhesabu upya. Nasi tumekwisha kuambiwa.