Pikipiki ya Mstaafu wa Nakuru



Ndugu wasomaji, safari ninayowasimulia juma hili sikuifanya kwa matembezi. Nilitumwa. Binti mkubwa wa ami yangu alikuja nyumbani baada ya sala ya Alasiri, akaketi na mke wangu, na kabla kahawa haijamiminwa alianza kulia. "Baba amenunua pikipiki," alisema. Ami yangu ana miaka 71, na tangu afiwe na mkewe anaishi peke yake Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru. "Kaka, wewe anakusikiliza. Nenda ukamwambie aiuze." Usiku ule ule nduguye aliyeko Maskati alinipigia simu kwa maneno hayo hayo, akaongeza kwamba yuko tayari kumlipa dereva wa gari kila mwezi.

Nilikubali. Na kusema kweli, niliondoka Mombasa hukumu nikiwa nimekwisha kuitoa moyoni.

Nilipanda gari moshi la asubuhi hadi Nairobi, kisha matatu ya Nakuru. Baada ya Limuru barabara hufika ukingoni, na Bonde la Ufa hufunguka ghafla chini ya macho, hata msafiri wa pwani aliyezoea nchi tambarare hujikuta akisema Subhanallah bila kukusudia. Mlima Longonot husimama katikati ya bonde, urefu wake mita 2,776, na mdomo wake wa volkano huonekana wazi. Hufuata Ziwa Naivasha, kisha Gilgil, kisha Ziwa Elmenteita, ambalo pamoja na Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria liliandikwa mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa dunia. Nakuru yenyewe iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na tangu tarehe 1 Desemba 2021 ni jiji la nne la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Nilishuka jioni na kanzu yangu ya pwani, nikajua mara moja kwamba nimesahau sweta.

Msidhani kwamba Muislamu ni mgeni katika mji huu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapa, na nyuma ya reli walikuja mafundi, wapagazi na wafanyabiashara waliosali kwa kuelekea Kibla. Jina la mtaa mkongwe wa Bondeni lamwambia mgeni kwamba Kiswahili hakikufika huku jana. Ami naye alikuja akiwa kijana wa reli, akaoa, akazaa, akastaafu, na hakurudi pwani.

Katika nchi kama Marekani kuna vijiji vilivyojengwa makusudi kwa ajili ya wastaafu, vyenye zahanati na watumishi wake. Kiamunyi hakuna aliyepanga hivyo. Katika njia anakokaa ami, kila mmoja alinunua kiwanja wakati bado ana mshahara, akajenga kidogo kidogo, na kiinua mgongo kilipotoka akahamia. Basi jirani wa kulia ni mwalimu mstaafu, wa kushoto ni muuguzi mstaafu, na mbele yake yuko askari wa zamani. Watoto wao wako Nairobi au ng'ambo. Nyumba ni nzuri, zina miparachichi na kuku. Ila matatu huishia kwenye lami, na kutoka hapo ni njia ya vumbi. Inasemwa kuwa hata jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na aliyefika huku mwezi wa Januari hatabisha. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, nyumba aliyoijenga kwa miaka ishirini yaweza kumfunga ndani kama kisiwa.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo pikipiki zimejaa kila kona ya nchi. Wengi wetu huziona kuwa chombo cha vijana wa bodaboda. Ami aliiona kuwa ni miguu.

Nilipombusu mkono alinitazama, akacheka. "Umetumwa," alisema. Nikanyamaza. "Haya, mwanangu. Utahukumu baada ya kupanda."

Siku ya pili, baada ya kifungua kinywa, alinipa kofia ngumu. Yake ilikuwa imechubuka. Hii ilikuwa mpya, na ndani bado ilikuwa na karatasi ya dukani. "Niliinunua ya pili kwa ajili ya mgeni," alisema. Pikipiki aliinunua miezi minane kabla. Nilihesabu moyoni watoto wake watano, nikaivaa bila kusema neno.

"Ikunje kanzu hadi magotini," alinionya. "Mnyororo haujui sheikh." Nikasoma dua ya kupanda chombo, na sikumbuki lini niliwahi kuisoma kwa unyenyekevu kama siku ile.

Tulipita na Mlima Menengai ukiwa kaskazini yetu, ule wenye shimo kubwa la volkano kileleni, na kusini ziwa likimeta mbali. Kwanza tulinunua maji yaliyochujwa. Maji ya visima vingi vya bonde hili yana floraidi nyingi, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Ami alifunga madumu mawili ubavuni mwa pikipiki, moja lake, moja la mjane mmoja mzee asiye na wa kumchotea. Tukamfikishia mwalimu mstaafu dawa zake za presha. Mwalimu huyo ni Mkristo, na jirani ana haki yake. Adhuhuri tulisali jamaa msikitini, kilomita sita kutoka nyumbani, na niliona jinsi watu walivyompisha ami mahali pake katika safu ya kwanza. Baada ya sala alikwenda kumzuru mgonjwa. Niliyekuja kumkanya nilikuwa nimeshika madumu matupu, nikijiuliza ni lini nami nilipomzuru mgonjwa asiye wa ukoo wangu.

Ningeliandika hapa kwamba nilibadili hukumu yangu, kisa kikaisha. Lakini usiku ule tulirudi kutoka sala ya Isha.

Gizani ami aliendesha kama mtu mwingine. Kila taa za gari zilipotukabili alipunguza mwendo hadi karibu kusimama, akainamisha kichwa pembeni. Mara moja aliniuliza, "Lile ni gari moja au mawili?" Kisha, tulipoacha lami, nikaona mbele yetu mkokoteni wa punda usio na taa, nikapiga ukelele. Ami alikanyaga breki, pikipiki ikateleza kwenye changarawe, tukasimama karibu kabisa na gurudumu la mkokoteni. Mwenye punda, kijana mdogo, alitutazama tu.

Nyumbani ami alichemsha chai ya maziwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema.

"Umeniona," alisema mwishowe.

"Nimekuona, ami. Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Taa zinatawanyika. Mchana ni kama ukungu."

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wanawe. Akajibu, "Ningewaambia wangekuja kunichukua. Mombasa watanikalisha barazani, nitaletewa chakula, nitaulizwa kama nimelala vizuri. Watoto wema, sikatai. Lakini miaka arubaini na tano nimeishi huku, na kaburi la mama yao liko huku. Huko nitakuwa mgeni anayesubiri."

Ndugu zangu, nilikuwa na hotuba nzima niliyoitayarisha ndani ya gari moshi, na hakuna hata neno lake moja lililofaa. Nilimwambia mambo mawili tu. La kwanza, kwamba njia si yake peke yake. Yule kijana wa punda naye ana mama, na kuendesha bila kuona si tawakali, kwani tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza. La pili, kwamba sikuja kumchukua. Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani baina yetu. Sikuugusa. Nilimwomba tu usikae mfukoni mwake mpaka tumwone daktari wa macho.

Asubuhi tulikwenda kwa bodaboda ya kijana wa jirani. Daktari alimpima, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ni maradhi ya kawaida ya uzeeni. Ukungu hutanda katika lenzi ya jicho, na dawa yake ni upasuaji mfupi wa kuitoa lenzi ile na kutia nyingine ya bandia, jicho moja kwanza, na la pili baadaye. Baada yake mgonjwa hujikinga na vumbi na kubeba mizigo mizito kwa majuma kadhaa. Ami aliuliza swali moja tu: je, ataona taa moja kuwa moja? Daktari alitabasamu, akamwambia hilo ndilo tarajio.

Jioni nilimpigia simu yule binti. Alitazamia nimwambie kwamba pikipiki imeuzwa. Nikamwambia, "Njoo."

Alikuja, akakaa mwezi na nusu. Alimtilia babake dawa ya matone kwa saa zake. Maji ya mjane yalipokuwa hayana wa kuyapeleka, aliyapeleka yeye, na yule mjane akamsimulia habari za mamake ambazo hakuwahi kuzisikia. Jicho la pili lilipopona na daktari akatoa ruhusa, ami alimpakia binti yake hadi makaburini kwa mamake. Ndiyo siku karatasi ilipotolewa ndani ya ile kofia.

Sasa mapatano ni haya. Ami anaendesha mchana tu, na hapandi barabara kuu ya malori. Maghrib ikikaribia ufunguo unatundikwa msumarini. Alfajiri na Isha huchukuliwa na kijana wa jirani, kwa zile fedha ambazo mwanawe wa Maskati alikusudia kumlipa dereva. Macho hupimwa kila mwaka. Mwanawe bado asema ingeuzwa. Nami, simu ikilia usiku, moyo hunishtuka. Siwezi kuwadanganya kwamba hofu imekwisha.

Lakini Qur'ani Tukufu, ilipotuusia wazazi waliofikia uzee, ilituzuia hata neno dogo la kuwaudhi. Kumpokonya mzee ufunguo bila kumuuliza aendako ni zaidi ya neno. Na kumwacha aendeshe ilhali haoni, kwa kuogopa kumuudhi, si wema. Njia baina ya mawili haya huonekana kwa aliyefika na kupanda nyuma yake.

Na nyinyi mama zetu na dada zetu, ambao bodaboda mwazipanda kila siku, yule binti ameniomba niwakumbushe aliyojifunza huko. Likusanyeni buibui na ncha za mtandio zikae chini ya mapaja kabla chombo hakijaondoka, kwa kuwa nguo ikinaswa na gurudumu au mnyororo humwangusha mtu. Ulindeni mguu na bomba la moshi. Kofia ngumu si ya dereva peke yake, sheria inamtaka na abiria aivae, na abiria ni mmoja, si mama na wanawe watatu. Dereva akienda mbio, mwambieni awashushe. Hiyo si aibu.

Tunamwomba Allah awahifadhi wazee wetu njiani na majumbani, na atujaalie kuwafikia kabla ya kuitwa. Amin.