Kilivunjika, ao Tulikivunja?



Tuko watu sita wa kalasi ya ine, wa internati. Wengi wenu munatujua juu ya lile kopo la maziwa tunalotembea nalo kila siku ya posho, kiisha kazi ya mikono. Wengine walisema ni bahati nasibu, wengine walisema mbaya kuliko ile. Leo tunataka kufungua kopo mbele yenu, na kuungama neno moja.

Ndani muko vipande 20 vya karatasi, vyenye namba 1 mpaka 20. Muchezo wetu unaomba kete ya pande 20, nasi hatuna, basi tunavuta karatasi. Jina lake ni Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa kule Marekani mwaka 1974. Watu wanakaa kwenye meza. Mumoja ni bwana wa muchezo, anaeleza mahali: hapa kuko pango, hapa kuko mulango, kuko taa. Wengine, kila mutu anasema yeye anafanya nini, na namba inaonyesha kama amefaulu. Katika miaka ya 1980 Wakristo wengi wa Marekani waliuogopa, juu ya majini na uchawi vinavyosimuliwa ndani yake. Mwalimu wetu mumoja alituuliza juu ya neno hilo, na alifanya vema kuuliza. Tulimwonyesha karatasi zetu zote. Kweli, kitu tulichogombania sana si majini. Ni mulango.

Namna gani mutu anavunja mulango? Kitabu cha mwongozo cha mwaka 2014 kinapatia kila kitu namba mbili. Ya kwanza ni ile unapaswa kufikia ili pigo lako liingie: kamba, nguo na karatasi 11, kioo 13, mbao 15, jiwe 17, chuma 19. Namba ya pili ni nguvu ya kitu, ile inayopunguka kila mara pigo linapoingia. Kitu kidogo sana sawa chupa kina nguvu 2 kama ni chepesi kuvunjika, 5 kama ni kigumu. Sanduku ni 3 ao 10. Pipa ni 4 ao 18. Nguvu ikiisha, kitu kimekwisha. Sumu haiwezi kuumiza kitu hata kidogo, na hapo hakuna aliyebisha.

Lakini mumoja wetu alikuwa na sheria za mwaka 2000, na zile ni ngumu zaidi. Kule, ugumu wa kitu unatolewa kwa kila pigo: mbao 5, jiwe 8, chuma 10. Mulango wa mbao wa kawaida una nguvu 10. Kama pigo lako ni 5, unatoa 5, inabakia sifuri. Unaweza kupiga usiku kucha, mulango utakuangalia tu. Tuligombana majuma mawili. Wengine walisema, “Ile ya 2000 ndiyo ya kweli, ngumi haiwezi kumaliza mulango.” Wengine walisema, “Hesabu mingi inaua muchezo.”

Mutoto wa mchungaji, aliye mumoja wetu, alileta mitungi ya Gideoni, Waamuzi sura ya 7. Tulisema udongo uhesabiwe sawa kioo, 13. Mutu asiye na nyongeza yoyote anapaswa kuvuta 13 mpaka 20, ni kusema karatasi 8 katika 20. Basi kwa watu 300, wapata 120 tu wangevunja mitungi yao. Mitungi 180 ingebakia mizima, na Wamidiani wangeendelea kulala! Tulicheka sana. Lakini bwana wa muchezo alitusomea maneno ya kitabu: kama mutu ana wakati wa kutosha na chombo kinachofaa, anaweza kuharibu kila kitu kinachoweza kuharibika. Tena kinasema tutumie akili: mutu akipiga ukuta wa mawe na upanga, upanga utavunjika mbele ya ukuta. Mutungi ulio katika mukono wako mwenyewe hauombi karatasi.

Sasa neno lenyewe tunalotaka kuungama.

Usiku mumoja tulikuwa tungali tunagombania ule mulango. Mumoja wetu alishika muti wa fagio ili atuonyeshe pigo linaloweza kuuvunja. Alizungusha fagio, na taa ya petroli ya internati ilikuwa nyuma yake. Kioo, 13. Nguvu, 2. Hatukuvuta karatasi hata moja. Tuliokota vipande katika giza, tukavitupa katika shimo nyuma ya jikoni, tukaenda kulala.

Asubuhi mwangalizi wa internati aliuliza: “Kioo cha taa kiko wapi?” Tulijibu sote pamoja: “Kilivunjika, Papa.”

Hatukusema uongo, sivyo? Luga yetu inatusaidia sana pale. Sahani ilivunjika, kalamu ilipotea, maji yalimwangika. Hakuna mutu ndani ya maneno hayo. Lakini mwangalizi alitafuta mutu, akamupata: mutoto wa kalasi ya kwanza, aliyekuwa na zamu ya kusafisha taa juma lile. Alisema, “Si mimi, Papa,” lakini hakuwa na mushuhuda. Alikatiwa ruhusa ya kwenda kwao mwisho wa mwezi, mpaka wazazi wake walipe kioo. Tulimuona akilia kwenye bomba la maji. Tulipita.

Siku ya posho tulifungua kopo tena. Katika pango kulikuwa mulango, na mumoja wetu alikuwa amechoka. Alisema, “Basi, mulango unavunjika, twende.” Bwana wa muchezo akajibu, bila kufikiri mengi: “Mulango hauvunjike yenyewe. Nani anapiga? Na nini? Vuta karatasi.”

Hapo tulinyamaza sote. Hatukuangaliana. Kopo lilibakia katikati ya meza.

Mukubwa kati yetu alisimama, nasi tukamufuata mpaka kwenye nyumba ya mwangalizi. Tulisema: “Papa, kile kioo hakikuvunjika. Tulikivunja, na fagio.” Alituangalia sana, kiisha akauliza kwa nini tulingojea siku ine. Hatukuwa na jibu. Tulilipa kioo sisi sita, na tulisafisha taa zote mwezi muzima. Mutoto yule alienda kwao mwisho wa mwezi. Tulimuomba musamaha mbele ya watu. Alisema, “Ndiyo, bayaya,” kwa sababu sisi ni wakubwa wake, lakini hakutusemesha tena mpaka mwisho wa muhula. Hatumulaumu.

Katika muchezo wetu kuko neno moja dogo la kutengeneza vitu. Linatumia dakika moja, na linaunganisha mahali pamoja palipopasuka, kama hapapiti sentimeta 30 hivi. Tuliposoma lile neno mara ya kwanza tulilizarau, tukataka maneno ya moto na umeme. Sasa hakuna anayelizarau.

Ndugu wasomaji, muchezo haukutufanya kuwa watu wazuri. Fagio ilizunguka juu ya muchezo. Lakini ulitufundisha kuuliza swali ambalo midomo yetu ilizoea kulikimbia: nani amepiga? Mukitusikia tena tukisema kitu “kilivunjika”, tunawaomba mutuulize.

Kopo liko kwenye meza ya mwisho, siku ya posho. Anayetaka, aje. Fagio tuliiacha inje.

Sisi sita wa kalasi ya ine