Mapenzi ya Kelele na Mapenzi ya Kusikiliza

"Hao wanakopi tu," mume wangu alisema nilipomwonyesha video ya bendi ya The Analogues. Kwake yeye, kukopi ni tusi. Kwangu mimi, kuna kukopi na kukopi.

The Analogues ni bendi ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 2014. Walichagua kupiga jukwaani nyimbo za miaka ya mwisho ya The Beatles, albamu nzima nzima, kama zilivyo kwenye santuri. Hawavai mawigi wala hawaigizi sura za wenyewe. Wanachokifuata ni sauti.

Kwa nini nyimbo za mwisho? Hapo ndipo paliponigusa. Mwaka 1965 The Beatles walipiga uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Mayowe ya mashabiki yalizidi spika za enzi hizo, mpaka wanamuziki wenyewe wakawa hawajisikii. Hebu fikiria: uwanja mzima unakupenda, halafu hakuna anayesikia unachoimba! Agosti 29, 1966, baada ya onyesho la San Francisco, wakaachana na ziara na kujichimbia studio. Ukitoa shoo fupi juu ya paa la ofisi yao London, Januari 1969, hawakupiga tena pamoja hadharani.

Kumbe huko studio ndiko walikotengeneza makubwa. "A Day in the Life" ya mwaka 1967 ina okestra ya watu 40. "Strawberry Fields Forever" ina Mellotron, kinanda kinachotoa sauti zilizorekodiwa kwenye utepe. "Within You Without You" ina vyombo vya Kihindi, ikiwemo tabla. Nyimbo hizi wenyewe hawakuwahi kuzipiga mbele ya watu.

The Analogues wakazisikiliza kipande kwa kipande, wakasaka vyombo vya miaka ileile, wakaongeza wapiga fidla na tarumbeta. Hiyo si njia ya mkato, jamani. Ili ukopi hivyo, lazima kwanza unyamaze.

Mwaka niliopoteza ujauzito, simu yangu haikupoa. "Jipe moyo!" "Mungu atakupa mwingine!" Walinipenda, sina shaka. Lakini zilikuwa kelele, na mimi ndani yake nilikuwa hata sijisikii.

Mume wangu hakusema kitu. Siku ya tatu akaniletea uji wa mchele wa nazi, mwepesi, wenye hiliki mbili tu na chumvi kidogo, vilevile alivyokuwa akiupika marehemu mama yangu nikiumwa. Nilimsimulia habari za uji huo mara moja tu, enzi za uchumba. Mwanaume huyu anayedharau kukopi alikuwa amekopi mpaka chumvi! Nililia kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali, na nikala.

Msomaji wangu, maua na kadi ni vizuri, usiache kununua. Ila mwenzi wako ana mambo aliyoyasema mara moja, tena kwa sauti ya chini, mkiwa kwenye daladala au mkiosha vyombo. Unalikumbuka hata moja? Basi usimwambie kwamba unalikumbuka. Lifanye.