Kofia ya Pili

Mjomba wangu alikuwa mwendesha baiskeli pale mpakani Busia. Kati ya lango la Kenya na lile la Uganda palikuwa na kipande cha barabara ambacho asiye na gari alikitembea na mizigo kichwani, na hicho kipande ndicho kilichompa mjomba riziki. Kiti cha nyuma alikiwekea sifongo, akakishonea kitambaa chekundu cha plastiki chenye nyuzi za kuning'inia, na kila asubuhi alikipangusa kabla ya kwenda langoni kuita, "Boda, boda!" Aliyeanguka aliinuka, akajikung'uta vumbi, safari ikaendelea. Hakuna aliyewaza habari ya kofia ngumu.

Pikipiki tuliziona kwanza ng'ambo. Miaka ya 1990 vijana wa Uganda walikuwa tayari wanabeba abiria kwa pikipiki, huku kwetu baiskeli bado zikitawala. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa kodi kwenye pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250, ili vijana wapate kazi. Na kazi walipata, nani atakana? Karo zimelipwa na nyumba za mabati zimejengwa, na wajawazito wengi wamefikishwa zahanati usiku wa manane. Lakini pikipiki zilikuja kwa malori, mafunzo hayakuja nazo. Binamu yangu, mtoto wa yule mjomba, alifundishwa klachi na gia alasiri moja kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kesho yake alikuwa stejini.

"Na breki umejifunza?" mjomba alimuuliza.

"Baba, hiyo nitaizoea barabarani."

Barabara zenyewe ni zile za matrela yatokayo Mombasa kwenda Kampala. Malaba, ukielekea Tororo, malori hupanga foleni ndefu na bodaboda hupenya katikati, magoti ya abiria yakikaribia kugusa magurudumu. Usiku mmoja binamu yangu aligonga trela lililoegeshwa bila taa. Yeye alikuwa na kofia ngumu, akavunjika mguu. Mama aliyekuwa abiria wake hakuwa nayo, na hakufika hospitali akiwa hai.

Sheria ilikuwapo pande zote mbili. Uganda ilitunga kanuni za kofia za pikipiki mwaka 2004. Kenya iliirekebisha Sheria ya Trafiki mwaka 2012, na mwaka 2015 zikaja kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani: abiria mmoja tu, kofia mbili, jaketi mbili za kuakisi mwanga. Nenda leo steji yoyote ya Busia uhesabu kofia za pili. Utakayoiona imening'inia kwenye usukani, mkanda wake umekatika na kufungwa kwa kipande cha tyubu. Akina mama wanaikataa kwa sababu ya nywele, wengine kwa sababu ya jasho la aliyetangulia, na siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwawekea utaratibu wa usafi wake. Dereva huvaa yake akimwona askari wa trafiki mbele, akishampita anaivua.

Serikali zetu zimezoea kukaza ghafla. Mwaka 2020, wakati wa korona, Uganda iliwakataza bodaboda kubeba abiria tangu Machi hadi mwishoni mwa Julai. Machi 2022, baada ya mwanamke kushambuliwa na waendesha bodaboda Nairobi, Kenya ilitangaza msako nchi nzima na usajili mpya. Siku chache baadaye msako ukasitishwa. Misako ya namna hiyo inakamata pikipiki, haimfundishi mtu kufunga breki.

Kuondolewa kwa kodi mwaka 2008 kulitufundisha kwamba serikali ikitaka jambo, linafika mpaka kijijini. Basi kofia nazo zipunguziwe bei kwa njia hiyohiyo, na mafunzo yagharamiwe kabla ya leseni kutolewa. Katika kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi pamoja. Wakikagua pasipoti na mizigo, wakague na kofia ya abiria. Nawe msomaji, ukifika stejini, uliza kofia yako kabla ya kuuliza nauli, na kama haipo, panda ya mwingine.